Kazadi na Ile Akodi "Iliyonyooka"

Tshibola, nimetoka sasa hivi kwa mama mukubwa Mbuyi. Nina hasira mpaka vidole vinakosea kuandika. Unamjua tata Kazadi, yule "mwalimu wa muziki" wa Kolwezi? Bure kabisa.

Mwaka 1975 mama mukubwa alikuwa msichana, akipigia kwaya ya kanisa ukulele. Kazadi ndiye kiongozi. Siku moja ya mazoezi mama mukubwa akapiga akodi ya diminishi ya saba, zile sauti nne za pamoja za kutia wasiwasi kabla wimbo haujatulia.

Kazadi akasimamisha watu wote. "Citoyenne!" akamwita, yaani raia, kama ilivyoamriwa wakati ule. "Iyo akodi ni mubaya! Utapotosha baimbaji!"

Mama mukubwa hakubishana. Akasogeza vidole nafasi tatu mbele, umbo lilelile, akapiga.

"Voilà!" Kazadi akapiga makofi. "Sasa imenyooka! Musikie tofauti!"

TOFAUTI GANI?? Ukisogeza diminishi nafasi tatu unapata sauti zilezile nne, zimebadilishana nyuzi tu. Na watu wazima arobaini wakaitika, "Ndiyo, tata." Arobaini!

Mama mukubwa akasema kwa adabu, "Tata, ni akodi moja."

Akafukuzwa palepale. Eti ana kiburi.

Nikamuuliza kama bado inamuuma. Akacheka kidogo. "Kufukuzwa hakukuniuma sana, mwanangu. Kyenye kiliniuma ni kwamba mi nilirudi kwake kumuomba musamaha."

Nikauliza, naye Kazadi?

"Alinisamehe."

ALIMSAMEHE, Tshibola. Yeye, asiyejua kitu, akamsamehe anayejua.