Masale ya Uani

Olasiti, Jumanne, mwezi wa tatu 1995

Kwa hiyo masale yanakatwa kesho. Nimekubali mwenyewe, na moyoni sikusikia chochote.

Asubuhi mjukuu wangu Neema aliingiza mkono kwenye ule ua wa masale, mimea tunayopandia mipaka, kutafuta yai la kuku, akaumwa na buibui, yule mweusi mwenye tumbo la mviringo. Kufika saa sita alikuwa anatoka jasho, tumbo limekaza kama ubao. Zahanati walikaa naye mpaka jioni. Sasa amelala. Nimeshakwenda mara tatu kusikiliza anavyopumua.

Baba yake, mkwe wangu, alisubiri nimalize chai.

"Baba, naomba tuung'oe huo ua. Tujenge ukuta wa tofali. Siku hizi saruji imejaa madukani."

"Unajua masale hayakatwi ovyo."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja hivi."

Akanipa jani la sale alilolifunga fundo, kwa mikono miwili, kama anavyofanya mtu wa kwetu anayeomba msamaha. Ukiletewa sale hukatai. Alikuwa amelichuma kwenye ua uleule.

Miche yake niliitoa kwenye mpaka wa shamba letu kule mlimani, wiki tuliyohamishwa kwa nguvu. Sikutoka na kitu kingine. Miaka yote hii nimekuwa nikijiambia kwamba...

Mkwe wangu akauliza kama abakize mche mmoja kwenye kopo. Nikamwambia buibui huyo hukaa hata kwenye kopo. Akate yote, aanzie upande wa dirisha la Neema.