Bati na Kumi

Cullman, Alabama
Jumapili, Februari

Kwako shemeji Maureen,

Salamu nyingi. Natumaini mgongo wako umepoa, na Walt bado anavua samaki kwenye barafu kama mwehu. Huku tuko wazima. Goti langu linauma, lakini paa halijali goti. Tressa ameng'oka meno ya mbele, anacheka kama bibi kizee.

Barua yako nimeipata. Umesema nimlete Tressa kwenu Ohio asome huko. Jibu ni hapana. Usikasirike. Soma kwanza mpaka chini.

Tatizo ni hizi irabu fupi za Kiingereza. Mimi nilidhani irabu ni irabu. Kumbe kuna fupi na ndefu, kama misumari. Mwalimu wake, Bi Hargett, aliniita akaniambia Tressa anachanganya e na i kila anapoandika, na asipozishika kabla shule haijafungwa atarudia darasa la kwanza. Nikamwambia nitamfundisha mwenyewe. Akaniangalia kwa huruma. Sikuipenda ile huruma.

Basi tukishakula maharage na mkate wa mahindi, tunakaa palepale mezani. Mimi nasoma neno, yeye anaandika. Nikisoma neno la kalamu, ananiuliza, baba, ya wino au ya kuchomea? Unatujua, Maureen, ulitucheka siku ya harusi yangu na Corinne. Huku kusini neno la kalamu, pen, na neno la pini, pin, tunayatamka sawasawa. Moja lina e, lingine lina i, lakini mdomoni ni kitu kimoja, ndiyo maana tunasema kalamu ya wino na pini ya kuchomea. Nikamwambia aache maswali, asikilize. Akasema anasikiliza, ila nasema kitu kilekile. Nikasema tena kwa nguvu. Akasema baba, kupiga kelele hakusaidii. Nikavunja penseli.

Kazini ndiyo usiseme. Odell, yule mnene anayekata bati, alisema hakuna tofauti yoyote, walimu wamebuni tu wapate mshahara. Nikamwambia haya, sema bati, tin, halafu sema kumi, ten. Akasema. Sawasawa kabisa! Watu wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na soda. Na kweli juu ya paa hatutegemei mdomo. Nikitaka bati napiga paja. Nikitaka vitu kumi nafungua vidole vyote. Miaka yote naezeka nyumba za watu, sikujua midomo yetu ina ugonjwa.

Nikaja na akili hiyo nyumbani. Neno likiwa la e, nafungua vidole. La i, napiga paja. Wiki nzima Tressa hakukosa. Nikajiona mwalimu. Ijumaa wakafanya jaribio, lile linalosomwa na mwanamke wa ndani ya kompyuta, anayeongea kama watu wa kwenu. Akakosa karibu yote. Nikamuuliza imekuwaje. Akasema yule mama hana mikono.

Nilichoka, Maureen. Niliilaani shule, nikamlaani na aliyeleta herufi duniani. Nikamwambia Tressa labda kweli aende kwa mama mkubwa. Hakulia. Aliuliza tu kama huko watu wanaongea kama mama. Nikasema ndiyo. Akasema mama alikuwa anayatamka tofauti, bati na kumi. Akanionyesha kidevu kilivyokuwa kinashuka. Akasema mdomo anaukumbuka, ila sauti imempotea.

Sasa nikwambie ukweli. Uliuliza mbona sipokei simu zako tangu mazishi. Nikakuandikia kwamba simu imeharibika. Simu ni nzima. Ni sauti yako. Ukisema haloo, ni Corinne. Ile mara ya kwanza ulipopiga nilikata, nikaenda kukaa kwenye gari kama mjinga, sina pa kwenda. Hujanikosea kitu. Ndiyo maana naandika, na mwandiko wangu unauona ulivyo. Mimi nilikuwa naikimbia hiyo sauti, kumbe mtoto wangu anaitafuta.

Kwa hiyo piga. Jumapili tukishatoka kanisani, na siku yoyote ukipata nafasi. Msomee kalamu na pini, bati na kumi, polepole, kama Corinne alivyokuwa anasema. Tressa ndiye atakayepokea. Simu nitaiweka katikati ya meza. Ukinisikia nimenyamaza, usiulize kitu, endelea kusoma.

Nami nitakuwa na penseli. Tutaandika wote wawili.

Msalimie Walt. Mwambie barafu haina shemeji, siku moja itammeza. Tressa anasema umletee theluji kwenye chupa. Nimemwambia itafika maji. Amesema leta hivyohivyo.

Ni mimi shemeji yako,
Lyle Stuckey