Kibao cha Swichi Tano

Gerezani, Dar es Salaam

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba goti la Mama limepata nafuu tangu mvua zikatike huko Lushoto. Mimi ni mzima, na leo ninaandika kwa furaha nisiyoweza kuificha.

Agizo lako ninalikumbuka: bendi isiponiajiri rasmi kufikia mwisho wa mwezi, nirudi nyumbani nikafundishe sekondari. Mzee Kondo, kiongozi wetu, alikuwa bado ananipima, na kasoro yangu ilikuwa moja. Wimbo unapotoka kwenye uimbaji wa taratibu kuingia chemko, ile sehemu ya kasi ya kuwachezesha watu, sauti ya gitaa sharti ibadilike papo hapo, nami nilikuwa nikiinama kuzungusha vitufe vya mashine ya kubadilishia sauti ya gitaa huku wachezaji wakiningoja.

Tangu biashara ifunguliwe, Kariakoo hakuna kisichopatikana. Dukani kwa Bwana Jayanti nilikuta vibao viwili vya kukanyagia, ambavyo hutuma amri kwa waya wa midi, yaani wa kuunganishia ala za umeme, hadi kwenye mashine ya sauti. Kimoja kilikuwa kikubwa, chenye kioo cha maandishi. Kingine, mtumba wa Dubai, kilikuwa na swichi tano tu. Bwana Jayanti alikisifia sana kile kikubwa, lakini nilipomweleza kwamba mguu wa kukanyagia ni mmoja, alicheka, akanishushia kile cha bei nafuu.

Nilikipanga kwa uangalifu wa mtu aliyesomea fizikia. Kibao huzihesabu sauti kuanzia sifuri, mashine kuanzia moja, kwa hiyo mwanzoni niliita mwangwi ikaja sauti ya kukwaruza. Hilo nililirekebisha. Kisha nikazipanga sauti kwa mfuatano wa nyimbo za onyesho, ili kila nikikanyaga, inayofuata ije yenyewe. Nikaona nimemaliza kazi.

Jumamosi, ukumbini karibu na Mnazi Mmoja, mfanyabiashara mmoja alipanda jukwaani kututunza fedha katikati ya chemko. Kama ilivyo desturi, Mzee Kondo akaturudisha kwenye uimbaji ili amtaje na kumsifu. Nikakanyaga, gitaa likahamia sauti ya wimbo mwingine kabisa. Mpiga ngoma akaniuliza, watu wakisikia, kama nimeleta gitaa au pasi ya umeme. Mzee Kondo hakucheka.

"Msomi," aliniambia baadaye, "hapa wimbo hauishi kwa sababu umeandika uishe. Unaisha mtunzaji akishuka."

Nikafuta mpango wote. Kila swichi nikaipa sauti yake ya kudumu, wimbo wowote uwao: uimbaji, chemko, solo, mwangwi, na ya tano ya kulinyamazisha gitaa majina yanapotajwa.

Jumapili watunzaji walipanga foleni. Mzee Kondo aliturudisha nyuma mara nyingi, nyingine nadhani kwa makusudi, na kila aliporudi alinikuta nimeshafika, mgongo wangu umenyooka. Tuliposhuka hakunipongeza. Alisema tu, "Kesho pita kwa fundi cherehani akupime."

Baba, katika bendi hii mtu wa majaribio hashonewi sare.

Nisalimie Mama, Shangazi Rehema aliyenishonea mkanda wa gitaa, na Kaka Idi, fundi redio wetu. Kwa heshima zote, naomba umwarifu mkuu wa shule kwamba nafasi ile ampe mwingine.

Mwanao mtiifu,
Salehe, mpiga gitaa mwajiriwa