Wimbo wa Bi Somoe

Jumanne, Kilwa Masoko

Mjukuu wangu Rehema amenikasirikia, na ninamwelewa. Sura nzima ya tasnifu yake ya fasihi inategemea wimbo aliourekodi kwa Bi Somoe kule Tingi. Leo yule mama amenipigia simu: "Mwalimu, wimbo ule nilimtungia marehemu mwanangu. Siutaki vitabuni."

"Lakini alikubali, Babu! Hata saini aliweka!" Rehema akang'aka nilipompa habari.

Nikamweleza kwamba ruhusa ni ya aliyeitoa, na anaweza kuichukua tena. Akaufuta wimbo mbele yangu, machozi yakimtoka. Sijui kama muda utamtosha kuandika sura nyingine.

Nami niliusikiliza mara tatu nilipokuwa nikimsahihishia kazi yake. Sasa hivi nimejikuta nikiuandika hapa, nisije nikausahau.

Nimeandika mstari mmoja, kisha nikaukata.