Barua Utakayoisoma Mwenyewe

Busawe, Serengeti
7 Septemba 2025

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na nguvu, na mahindi yote yameshaingia ndani kabla mvua haijaanza. Sisi huku Busawe tu wazima wa mwili. Moyo wangu ndio hauna raha, na sababu yake nitakueleza.

Mdogo wangu Marwa aliponipigia simu wiki iliyopita alicheka mpaka akashindwa kuendelea. Alisema tangu uanze kujifunza kusoma hakuna karatasi inayopita salama mbele yako. Unasoma mfuko wa sukari, kadi ya kliniki ya mjukuu, hata tangazo la chanjo ya ng'ombe pale ofisi ya kata. Kisha akanipa agizo lako kwamba salamu za simu zimetosha, niandike barua, na mtu yeyote asithubutu kukusomea. Ndiyo maana nimeandika herufi za kuachana, kama ninavyowaandikia ubaoni watoto wangu wa darasa la kwanza.

Tangu siku hiyo nakumbuka nilivyojifunza mimi. Mwalimu Anselm, yule mrefu aliyeletwa shuleni kwetu Turwa kutoka Bukoba, alituimbisha a, e, i, o, u huku akigonga dawati kwa pete yake ya ndoa. Sisi watoto wa Kikurya tulimtesa. Akisema lala, tunaitikia rara, naye anafumba macho kama mtu anayeumwa jino. Jioni nilikuja kukuonyesha. Ulikuwa ukisaga ulezi, unanimwagia unga kidogo kwenye ungo, naandika kwa kidole. Nikimaliza unautikisa ungo, herufi zinapotea, naanza nyingine. Siku nilipoandika Christina, jina lako, hukutikisa. Ungo ulikaa pale mpaka baba akarudi na kuuliza kama leo hatuli. Ukamwambia, "Huyu sasa ndiye macho yangu."

Nilikuwa na miaka minane barua ya mama mkubwa Weigesa ilipoletwa kutoka Kehancha, ng'ambo ya mpaka pale Sirari. Ulikuwa unapalilia migomba. Ulinawa mikono kabla ya kuipokea, ukanipa mimi, ukakaa chini kusikiliza. Nilikusomea kwamba bibi aliugua kidogo lakini sasa hajambo, anakusalimu, na uende kumwona baada ya mavuno. Ukamshukuru Mungu, ukarudi shambani. Siku ya tisa akaja mtu akasema bibi amezikwa juzi.

Ulipofika kule, mama mkubwa alikuambia mbele ya waombolezaji kwamba ulimwacha mama yenu afe akikuita. Ukamjibu kwamba barua yake ilisema amepona. Akakuita mwongo. Uliporudi nyumbani uliitoa ile barua ukaniambia niisome tena, polepole. Nikaisoma tena, vilevile. Tangu hapo, miaka ishirini na minne, ninyi watoto wa tumbo moja hamjapeana hata chumvi.

Sasa Marwa ananiambia mjomba Werema amepanga mkutane mwezi ujao, palepale Kehancha, mmalize jambo hili. Anasema barua umeitoa sandukuni ukaiweka ndani ya Biblia. Hutaki kuifungua mpaka uzoee mwandiko wa kuunganisha, maana unataka kuisoma mbele ya wote kwa kinywa chako mwenyewe, wajue nani alikuwa mwongo.

Mama, nakuomba usiisome kule. Haisemi nilichokusomea. Imeandikwa hivi: "Mama hajiwezi. Anakutaja asubuhi na jioni. Njoo upesi." Sikukwama hata kwenye neno moja. Macho yangu yalisoma hajiwezi, mdomo wangu ukasema hajambo.

Ijumaa ile wageni wa elimu walikuwa wanakuja shuleni, na Mwalimu Anselm alikuwa amenichagua nisome mbele yao. Wewe ukiondoka, mimi ningebaki nyumbani kumlea Marwa. Nilijiambia bibi ameugua mara nyingi akapona, hata sasa atapona. Ijumaa nikasoma, wakanipigia makofi, wakanipa kalamu yenye kifuniko chekundu.

Kwa hilo nilikuwa mtoto, labda Mungu ataliangalia hivyo. Lakini uliporudi kutoka msibani ukanipa barua mara ya pili, macho yako yamevimba, nilijua ninachokifanya. Niliogopa. Nilipokua nikawa mwalimu niliogopa zaidi, kwa kuwa kila mgeni aliyeingia kwetu ulimwambia habari za binti yako msomaji. Niliona ni heri ugombane na dada yako kuliko unitazame mimi kwa jicho lile.

Jumamosi iliyopita nilikwenda hadi Sirari, nikavuka, nikafika kwa mama mkubwa. Nilimweleza yote, bila kujitetea. Hakunifukuza. Alisogeza kikombe chake cha chai kando, akauliza kama wewe unajua. Nikasema bado. Akasema, "Nenda ukamwambie. Mimi nimemwita mwongo miaka yote hii, na nilimwambia hivyo mama yetu hajakauka kaburini." Kisha akalia, mama. Sikujua nimshike au nimwache.

Nilirudi kupitia Tarime. Pale stendi nilikuwa nimeshashika mfuko wangu nishuke nije kwako. Sikuweza kuinuka kwenye kiti. Ndiyo maana unayasoma haya kwa maandishi.

Nitakuja Ijumaa baada ya vipindi. Ukiona hutaki kuniona, mwambie Marwa anipigie kabla sijaondoka, na sitakulaumu. Msamaha siuombi kwa barua, nitauomba nikiwa nimepiga magoti mbele yako.

Nisalimie Marwa na mkewe, na Mwalimu Honoratha anayewafundisha hapo kanisani. Mama mkubwa naye amenituma. Maneno yake nayaandika kama alivyoyasema, nisipunguze wala nisiongeze: "Mwambie mdogo wangu asingoje siku ya Werema. Aje mapema, tukae wawili tu, tumlilie mama."

Ni mimi mwanao,
Editha