Mama Pindo, Kitinda Mimba Wako Amefika

Mwaka umetimia, Mama Pindo wetu, tangu ulipotuachia cherehani na uzi ukiwa bado sindanoni. Tulipanga leo tukulilie kwa adabu. Imetushinda! Tuna habari, na hakuna hapa nyumbani mwenye kifua cha kuificha.

Wanaosoma wajue kwanza. Ulikuwa fundi wa sare za shule, na figo zako zilipogoma, kazi ukahamia nayo hospitali. Mashine ya kusafisha damu uliipachika jina Shemeji. "Shemeji ananiita, na hapendi kusubirishwa," ulisema, ukabeba mkoba wako wa mashati. Mkono mmoja umefungwa mipira, mwingine unachomoa nyuzi za kushikizia.

Ukifika mlangoni ulipaza sauti: "Mungu, mimi nimefika. Na Wewe?" Wagonjwa wote, kila mtu na dini yake, waliitikia: "Alikutangulia!"

Si kwamba ulikuwa na raha kila siku. Kuna asubuhi uligeukia ukuta ukalia, ukasema, "Leo sisemi naye." Baba akikusihi usali, ulimjibu, "Niache nimnunie. Ananijua." Jioni tulikusikia ukimsimulia Mungu habari za wateja wasumbufu, tukajua mmepatana.

Sasa habari yenyewe. Kitinda mimba wako naye figo zimemgeuka. Akakataa katakata kwenda kwa Shemeji. "Mama alisali, na bado akafa," alisema. Miguu ikavimba. Daktari akatuambia wazi kwamba tukizidi kungoja tutampoteza. Dada yake alimbembeleza mpaka akachoka, tukaogopa, Mama, tukaogopa sana.

Ndipo Baba, ambaye kubembeleza hajui, alipomwekea mkoba wako kitandani. "Mama yako naye alikuwa anaogopa," akamwambia. "Alikwenda hivyo hivyo. Kama umemkasirikia Mungu, kamnunie huko huko."

Jumatatu alikwenda! Tukamfuata nyuma kundi zima, utadhani tunasindikiza bibi harusi. Mlangoni akasimama na mkoba wako kifuani. Tulikuwa tumeshakata tamaa aliposema, kwa sauti ndogo:

"Mungu... mimi nimefika."

Wenzako wakainua vichwa kwenye mito. Wakaitikia kwa kelele iliyomleta nesi mbio:

"Alikutangulia! Na mama yako pia!"

Anaendelea vizuri. Jana alimnunia Shemeji, leo wamepatana.

Ni sisi: Baba, wanao, wakweo, wajukuu, na chumba kizima cha Shemeji. Kukusahau hatuwezi, Mama, leo wala milele.