Hakuna Kukaa Mpaka Tufunge

Corley, Kentucky
12 Oktoba 1997

Mume wangu mdogo Royce,

Hujambo? Unakula? Mimi ni mzima, ila goti la kushoto linaanza kelele kila mvua ikikaribia. Mama yako hajambo. Wilma Tackett naye hajambo, na mdomo wake ndio haujambo zaidi, maana ndiye aliyeniletea habari hii kanisani, katikati ya wimbo.

Ati nyinyi wa ofisi ya michezo ya chuo mnataka kuihamisha timu ya kikapu. Vijana wetu waache ukumbi wao hapa chuoni, mlango kwa mlango na mabweni, wakachezee mjini ng'ambo ya mto, kwenye lile jumba jipya ambamo wiki hii kuna mieleka na wiki ijayo maonyesho ya matrekta. Na ati atakayekwenda mbele ya bodi ya chuo kuwabembeleza wakubali ni wewe. Nikamwambia Wilma, "Muongo mkubwa wewe." Akanijibu, "Kamuulize mumeo." Basi nakuuliza.

Nimeshikwa na kinyaa, Royce, kama mtu aliyekuta unywele kwenye supu.

Wewe umechezea ukumbi ule. Unajua kwetu hakuna anayekaa mpaka timu ifunge kikapu cha kwanza. Mkuu wa chuo anasimama, mchungaji anasimama, mwenye mimba anasimama. Mechi yako ya kwanza mpira uligoma kabisa kuingia. Tulisimama mpaka Wilma akavua viatu. Goti langu lilivimba kama boga. Halafu ukafunga wewe, na ukumbi mzima ukakaa kwa mkupuo mmoja, mbao zikatetemeka. Ulikuja baadaye jasho linakutiririka ukaniambia, "Bibi, nilisikia mlivyokaa." Umesahau?

Usinipigie simu. Simu unaikata. Mimi shule sikwenda, herufi nilizisaka mwenyewe kwenye kitabu cha nyimbo, lakini nitakachoandika utakisoma mpaka mwisho.

Bibi yako,
Ardelia


25 Oktoba 1997

Mpendwa Bibi,

Shikamoo. Mimi ni mzima, nakula, na mkate wa mahindi uliompa mama aniletee niliumaliza garini.

Wilma hakusema uongo. Naomba unisikilize kabla hujakasirika, ingawa najua nimechelewa.

Bibi, paa la ukumbi linavuja. Mwaka jana kijana aliteleza kwenye tone la maji akapasuka goti, na mpira kwake umekwisha. Vyuo vikubwa havitaki kuja kucheza kwetu, wanasema ni ghalani. Kocha anaitwa kwingine kila msimu. Na tiketi zenyewe mnarithishana nyinyi wazee. Mtu wa kawaida wa Corley anasikiliza mechi redioni huku ukumbi uko mtaani kwake. Jumba la mjini lina nafasi ya watu wote hao na wengine tena.

Sijasahau chochote. Desemba tunacheza mechi moja kule ya majaribio. Nimekuwekea kiti cha mbele, cha mto laini, cha kuegemea. Njoo uone kwa macho yako ndipo unitukane.

Mjukuu wako,
Royce


7 Desemba 1997

Royce,

Nakusalimu kwa sababu nimelelewa vizuri. Habari za kwako sina haja ya kuuliza, nilikuona.

Nimekuja, nimeona, sasa nakutukana.

Kwanza, basi la kutoka chuoni lilijaa nusu. Watoto wa mabwenini wanasema wakienda huko kurudi ni tabu, bora walale. Jumba lenyewe linanuka zulia jipya na jibini lililochemshwa. Kila mtu ana sahani mapajani, vidole vinang'aa mafuta, na hivyo vidole ndivyo vinavyopiga makofi. Tena hawapigi mpaka skrini iwaambie. Inaandika PIGENI MAKOFI, wanapiga. Inazima, wananyamaza. Nimefuga kuku wenye akili kuliko hao. Hicho kiti chako cha mto kimenimeza mpaka kiunoni, kutoka nilivutwa na Wilma.

Nikasimama. Mpira ukarushwa, na sisi tuliosimama jumba zima ni mimi na Wilma. Nyuma yangu sauti: "Bibi, keti, tunataka kuona!"

Nikamwambia, "Uone nini? Hatujafunga!"

Akaja kijana wa fulana nyekundu, mpole, akanishika kiwiko kama ananipeleka kaburini. "Mama, tafadhali, unawazuia waliolipa."

"Na mimi nimeingia kwa kuiba?"

"Sijasema hivyo, mama. Ila huku huwa tunakaa."

Huwa! Jumba halijamaliza mwaka, tayari lina huwa.

Wilma akakaa. Simlaumu, miguu yake ni ya kuazima. Mimi nikainua macho kule juu kwenye chumba cha kioo, mnakokaa na wafadhili. Nikasema moyoni, Royce wangu atakuwa amesimama. Hata kama kaambiwa nini, atakuwa amesimama.

Ulikuwa umekaa. Umepakata sahani.

Nikakaa. Hatukuwa tumefunga bado.

Ardelia


18 Januari 1998

Royce,

Hujambo? Sijapata barua. Mama yako anasema u mzima ila umekonda. Nimempa paja la nguruwe la moshi akuletee. Lipike taratibu, usiliharakishe kama unavyoharakisha kila kitu.

Kukuchukia sijakuchukia. Ningekuchukia nisingeumia hivi. Lakini kule sirudi. Wakihama, mimi na mpira tumemalizana, na Jumamosi zangu nitazifumia soksi.

Bibi yako bado,
Ardelia


22 Februari 1998

Mpendwa Bibi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya. Kila nilipoandika nilifika pale pa sahani nikachana karatasi.

Bodi imekaa jana. Nilikuwa na hotuba ya kurasa nyingi, yenye picha. Nikaiacha mezani. Niliwaambia paa liezekwe na ukumbi upanuliwe upande wa kusini. Niliwaambia kwenye mechi ile ya Desemba mtu mmoja tu alisimama mpaka mwisho wa nguvu zake, na tulimtumia kijana wa fulana nyekundu akamkalishe. Mwenyekiti akasema, "Asante, Royce, keti sasa." Nikamwambia, "Sijamaliza." Akauliza nitamaliza lini. Nikasema, "Mkifunga."

Hakuna aliyecheka. Kwa kweli hata mimi sikucheka.

Wakapiga kura. Timu inahama, Bibi. Novemba.

Mimi nimetolewa ofisini. Msimu ujao niko mlangoni, nakagua tiketi. Pale huwezi kukaa hata ukitaka, hawaweki kiti.

Niambie neno lolote. Hata tusi.

Mjukuu wako,
Royce


30 Oktoba 1998

Mpendwa Bibi,

Shikamoo. Hujaniandikia tangu Februari. Mama anasema unafuma soksi na hutaki kusikia jina la chuo.

Sikuombi ulipende lile jumba. Mechi ya kwanza ni Jumamosi ya pili ya Novemba. Tiketi yako iko kwenye dirisha la tiketi, kwa jina lako. Mimi nitakuwa mlango wa mashariki, nimesimama. Usipokuja nitaelewa. Nitasimama hata hivyo.

Mjukuu wako,
Royce


15 Novemba 1998

Mume wangu mdogo Royce,

Hujambo? Mimi sijambo. Goti limevimba, nimeliweka juu ya stuli nikikuandikia, na usinipe pole.

Ulipoikata tiketi yangu hatukusemezana kwa kuwa foleni ilisukuma, na mimi nikianza kulia huwa nakuwa mbaya. Kilichotokea upande wangu hukukiona chote, basi soma.

Nilisimama. Wilma aligoma kuja, kwa hiyo peke yangu. Nyuma yangu kulikuwa na baba mnene, chipsi zake zimemwagiwa lile jibini la rangi ya fulana za wajenga barabara. Akasema, "Wewe bibi, kaa bwana!"

"Hatujafunga."

"Sioni!"

"Miguu si unayo? Simama."

Akasimama, huku ananitukana. Basi wa nyuma yake hawaoni, wakaanza kumtukana yeye. Naye akageuka: "Msiniambie mimi, mwambieni huyu kizee!" Wakasimama. Na wa nyuma yao. Royce, kundi zima lile, kutoka kwangu mpaka darini, liliinuka kwa hasira, mstari kwa mstari, kama maziwa yanayofurika sufuria. Watoto wachache wa mabwenini kule upande wa pili wakatuona, wakajua ni nini, nao wakainuka wakishangilia. Yule wa fulana nyekundu alikuja, akatazama juu, akarudi alikotoka.

Vijana wetu nao wakakosa na kukosa, wale wapumbavu, Mungu awabariki.

Walipofunga tukakaa wote pamoja. Hakikutetemeka kitu. Zege lile hata tetemeko la ardhi litaliacha lilivyo. Nilichukia sana hapo, nikaangalia mlango wa mashariki, nikakuona. Umesimama, mkono umeweka kifuani kama siku ile ulipofunga.

Jumba linanuka vile vile, na sitalisamehe. Mechi ijayo niwekee kiti kile kile, mbele ya baba wa chipsi yule yule. Asibadilishiwe nafasi. Nataka nimzuie msimu mzima.

Kula.

Bibi yako,
Ardelia